Betri inayovuta hewa: Ni nitrojeni au chuma?

*Kaboni iliyotiwa nitrojeni inasifiwa kuwa itashusha bei ya betri za zinki na hewa. Wakemia bado wanabishana kuhusu kinachofanya kazi ndani yake, na ubishi huo unagusa moja kwa moja mikoa yenye mabaki mengi ya mazao kama Kigoma.*

Betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia huuzwa zikiwa na stika mgongoni. Namba 13 ina stika ya rangi ya chungwa, namba 312 ya kahawia. Chini ya stika kuna vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Stika ikibanduliwa hewa inaingia, na baada ya dakika moja hivi betri inatoa volti 1.4.

Tangu hapo haina breki. Hata kifaa kikizimwa na kuwekwa kabatini, hewa inaendelea kuingia na unyevu unaendelea kutoka. Baada ya wiki moja au mbili betri imekwisha, inatupwa.

Hiyo ndiyo betri ya metali na hewa iliyosambaa kuliko nyingine zote. Upande mmoja una unga wa zinki. Upande wa pili hauna metali yoyote ya kuliwa, bali oksijeni inayotoka nje. Kwa kuwa nusu ya mahitaji yake haibebwi ndani, betri ya aina hii huhifadhi nishati nyingi katika uzito mdogo. Kasoro yake kubwa kuliko zote ni kwamba haichajiki.

Kuichaji, na kuikuza hadi iwashe taa na redio za nyumba nzima, ni kazi iliyowakalisha wakemia maabara kwa miongo kadhaa. Mzizi wa tatizo uko kwenye tabaka jeusi lililo nyuma ya vile vitundu, mahali oksijeni inapopokea umeme. Tabaka hilo linahitaji kichocheo, na kichocheo kinachozungumzwa zaidi katika miaka ya karibuni ni kaboni iliyotiwa nitrojeni.

Umeme wa nyanda za juu

Betri ya aina hiyo ingefaa mkoa kama Kigoma. Mtabila, wilayani Kasulu mkoani humo, inajulikana zaidi kwa kambi yake. Warundi waliokimbia vita ya miaka ya 1990 waliishi hapo hadi Desemba 2012, kambi ilipofungwa na zaidi ya wakimbizi 30,000 kurejeshwa kwao katika majuma machache ya mwisho.

Miaka yote hiyo Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya taifa. TANESCO iliwasha miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafirishwa kutoka mbali. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Kasulu alizima majenereta, gridi ikachukua nafasi. Mto Malagarasi nao umepangiwa mtambo wa megawati 49.5, kwa mkopo ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020.

Gridi kufika mjini ni jambo moja, na nguzo kufika kitongojini ni jambo jingine. Nyumba zilizo mbali na nguzo hutumia paneli ya sola na betri ya maji, ileile ya gari, au betri kavu ya risasi. Na mvua za nyanda hizi ni ndefu: huanza Oktoba na kukatika Mei. Katika miezi hiyo wingu likikaa siku mbili, betri ndogo inalala usiku wa pili.

Betri ya risasi ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulichafuliwa kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido aliyeongoza malalamiko ya wakazi alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilikwenda rufaa hadi Mahakama ya Juu. Kwa hiyo anayetafuta betri ya kijijini hatafuti unafuu wa bei peke yake. Anatafuta pia kitu ambacho kikichakaa hakitaingia kwenye damu ya watoto.

Kilo ya zinki, uniti ya umeme

Ndani ya betri ya zinki na hewa kuna vitu vitatu: zinki, maji yenye potasi kali na elektrodi ya hewa. Zinki inapoachia elektroni inayeyuka kwenye potasi, kisha inageuka unga mweupe wa oksidi ya zinki. Elektroni zinapita nje kwenye waya, zinawasha taa, zinarudi upande wa hewa. Huko kila molekuli ya oksijeni hupokea elektroni nne na, pamoja na maji, kugeuka hidroksidi inayorudi kwenye potasi.

Kinadharia mwendo huo unatoa volti 1.66. Betri ikiwa kazini hutoa 1.2 hivi. Kilo moja ya zinki hubeba takriban ampea-saa 820, hivyo ikitumika yote inatoa karibu uniti moja kamili, kwa lugha ya LUKU. Betri ya gari inayohifadhi kiasi kama hicho huwa na uzito wa kilo 25 na zaidi.

Hesabu hiyo ni ya zinki tupu. Chombo, potasi na elektrodi vikiongezwa uzito unapanda, lakini tofauti inabaki kubwa.

> Kilo moja ya zinki ikitumika yote inatoa karibu uniti moja ya LUKU. Kuirudisha inagharimu uniti moja na nusu au zaidi.

Hapo kwenye kuirudisha ndipo mambo yanapoharibika. Kuchaji kunahitaji volti 2 hivi, wakati kutoa kunaleta 1.2. Kwa kila uniti kumi zinazoingia, sita tu ndizo zinazotoka. Nyingine zinapotea kama joto, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea upande wa hewa, kwa sababu oksijeni ni nzito kuanza. Atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu, na bila msaada haziachani upesi.

Msaada huo ni kichocheo. Kazi yake ni kama ya dalali mnadani: anakutanisha pande mbili, bei inakubalika, naye anabaki palepale kusubiri wateja wengine.

Kutoka platini hadi mkaa

Dalali mzuri kuliko wote kwa miaka mingi amekuwa platini. Mfaransa Maiche aliipaka kwenye kaboni yenye vitundu mwaka 1878, akapata moja ya betri za kwanza za zinki na hewa. Wamarekani Heise na Schumacher wakatengeneza ya potasi mwaka 1932, kaboni ikiwa imepakwa nta ili maji yasivuje. Muundo wa leo haujaenda mbali sana na huo wao.

Lakini platini ni ghali, na sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani inatoka nchi moja, Afrika Kusini. Tena inasaidia upande mmoja tu wa safari, yaani kutoa umeme. Kwa kuchaji hutumika oksidi za iridi au rutheni, nazo ni adimu kuliko platini.

Njia ya kutokea ilianza kuonekana mwaka 1964, Raymond Jasinski alipoonyesha katika jarida la *Nature* kwamba ftalosianini ya kobalti inaweza kuichochea oksijeni. Hiyo ni molekuli bapa ambayo katikati yake atomu ya kobalti imezungukwa na nitrojeni nne. Watu waliofuata wakagundua kwamba molekuli za aina hiyo zikichomwa pamoja na kaboni zinadumu zaidi.

Mwaka 2009 jarida la *Science* lilichapisha makala mbili zilizowagawa watafiti hao. Ya kwanza ilitoka Kanada, kwa kundi la Jean-Pol Dodelet, ikisema: wekeni chuma na nitrojeni ndani ya kaboni. Ya pili ilitoka kwa Liming Dai na wenzake nchini Marekani, ikisema: chuma hakihitajiki. Mirija yao myembamba mno ya kaboni iliyotiwa nitrojeni iliishinda platini kwenye maji ya alkali, bila metali, kwa maelezo yao.

Sababu waliyotoa inaeleweka kirahisi. Nitrojeni inavuta elektroni kuliko kaboni. Ikikaa kati ya kaboni inazinyang'anya majirani zake elektroni kidogo, majirani wanabaki na chaji chanya hafifu, na oksijeni inapata pa kushika.

Mwaka 2015 kundi la Dai likaja na sponji ya kaboni yenye nitrojeni na fosforasi kwa pamoja, inayoweza kutoa na kuchaji. Fosforasi yao ilitoka kwenye asidi ya fitiki, ambayo kwa asili imo kwenye pumba na maharage. Betri yao ilichajiwa na kutumiwa mara 180. Mwaka uliofuata Junji Nakamura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walieleza ni nitrojeni ipi yenye kazi: ile iliyokaa ukingoni mwa karatasi ya kaboni, imeshikana na kaboni mbili tu. Oksijeni inashika kwenye kaboni iliyo jirani yake.

Kwa msomaji wa juujuu hadithi iliishia hapo.

Mise, yurea na moto

Kinachowavutia wengi ni urahisi wa mapishi. Chukua kitu chenye kaboni. Kichanganye na kitu chenye nitrojeni, mathalani melamini au yurea. Kichome kwenye tanuru isiyo na oksijeni, joto likiwa kati ya nyuzi 700 na 1,000 za Selsiasi. Kioshe, kikaushe, kisage.

Ndiyo maana majarida yamejaa vichocheo vya maganda ya karanga, machicha ya kahawa, nywele, manyoya ya kuku na mwani. Tanzania nayo haiko mbali na uwanja huu: mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walichapisha kazi ya kaboni yenye vitundu iliyotokana na maganda ya fenesi, ingawa wao waliitumia kuondoa chumvi kwenye maji.

Kigoma ina malighafi ya kutosha. Michikichi ndiyo alama ya mkoa. Tangu 2018 serikali imeipa kipaumbele, na miche bora inazalishwa kituo cha TARI Kihinga. Mawese yakishakamuliwa zinabaki mise, na mise zikivunjwa linabaki ganda gumu jeusi ambalo Malaysia na Indonesia hulitumia kutengeneza kaboni ya kuchujia. Nyanda za Kasulu na Kibondo zinaongeza magunzi ya mahindi, maganda ya mihogo na ya kahawa. Yurea iko kwenye maduka ya pembejeo, na mfuko wake umeandikwa asilimia 46 ya nitrojeni.

Yurea hiyo nyingi inapotea tanuruni kama amonia. Nitrojeni inayobaki ndani ya kaboni kwa kawaida ni asilimia chache tu. Na tanuri la kienyeji la mkaa halitoshi kazi hii: halifiki joto linalotakiwa, na hewa inayopenya inaila kaboni yenyewe.

Mganda aliyeuliza swali baya

Mabishano yenyewe yana jina la Afrika Mashariki ndani yake. Justus Masa ni mwanakemia kutoka Uganda aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Kyambogo. Akiwa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, yeye na wenzake, wakiwamo Wolfgang Schuhmann na Martin Muhler, walichapisha mwaka 2013 makala iliyouliza kama vichocheo vinavyoitwa visivyo na metali kweli havina metali.

Jibu lao lilikuwa chungu. Masalia madogo mno ya metali, kiasi ambacho wengi wangekipuuza, yalitosha kukiinua kichocheo. Mwaka 2015 wakarudi na mapitio marefu kuhusu nafasi ya metali katika kaboni yenye nitrojeni.

Mwaka huohuo wa 2013 Martin Pumera na wenzake nao walieleza kwamba uchochezi wa grafini iliyotiwa atomu nyingine ulitokana na uchafu wa metali. Mwaka 2020 Pumera alikwenda mbali zaidi, kwa kejeli ambayo si kawaida kwa wakemia: kundi lake lilitia kinyesi cha ndege kwenye grafini, likapata kichocheo bora kuliko grafini tupu. Kinyesi kina nitrojeni, fosforasi na salfa, vyote kwa mpigo na bila gharama. Ujumbe kwa wanaochapisha kila kukicha "kichocheo kipya" ulifika.

> Kipimo cha eksirei kinachotumiwa na wengi kinaweza kupitwa na metali iliyo chini ya sehemu moja kwa elfu. Kwa chuma, hiyo ni nyingi.

Upande wa Dai una hoja zake. Mirija ya 2009 ilioteshwa kwa kutumia mchanganyiko wenye chuma, ndiyo, lakini chuma kiliondolewa kabla ya vipimo. Kazi ya Tsukuba ilifanywa pia kwenye grafiti safi iliyochongwa na kupigwa nitrojeni, ambako hakuna pa kukisingizia chuma. Kwamba nitrojeni peke yake ina uwezo si jambo la kukana tena.

Suala ni uwezo kiasi gani. Kipimo kimoja cha kuamulia ni sumu. Sayanidi hushika atomu za chuma na kuzifunga, lakini haiigusi kaboni. Ikitiwa kwenye maji ya majaribio na kichocheo kikazorota ghafla, aliyekuwa akifanya kazi anajulikana. Katika kaboni nyingi zilizotangazwa kuwa safi, kichocheo kinazorota.

Uamuzi wa haki, kwa ushahidi uliopo, ni kwamba nitrojeni inafanya kazi na chuma kilichoshikwa na nitrojeni kinafanya kazi zaidi. Neno "bila metali" limeuza makala nyingi kuliko lilivyostahili.

Udongo mwekundu

Kwa mtu wa Kasulu ubishi huu si wa vitabuni. Udongo wa nyanda hizi ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma. Vumbi lake linaganda kwenye magunzi yaliyoanikwa uani, na ganda la mise lililookotwa chini lina chuma kabla ya kufika popote. Likisagwa kwenye mashine ya chuma linaongezewa kingine.

Maana yake ni kwamba kaboni ya mise ya Kasulu inaweza kutoka bora kuliko ya Malaysia bila mtu kujua kwa nini, na shehena inayofuata ikatoka mbovu kwa sababu mvua iliosha maganda. Hakuna kiwanda kinachoweza kuishi hivyo. Dawa ni mojawapo kati ya mbili: kuosha kwa asidi mpaka chuma kiishe na kuridhika na nitrojeni, au kukubali chuma na kukitia kwa kipimo.

Njia ya pili ina mantiki zaidi. Chuma hakina bei ya kutisha. Tahadhari ni kwamba chuma kilicholegea, kisichoshikwa vizuri na nitrojeni, hukutana na peroksidi inayozalishwa pembeni na kutengeneza chembe kali zinazokitafuna kichocheo chenyewe.

Kaboni huungua

Hata nitrojeni na chuma wakipatana, ubishi wa pili unabaki, na huu ni mzito kuliko wa kwanza. Je, kaboni inafaa kuchajiwa?

Kwa kipimo cha hidrojeni, kaboni inaweza kuoksidishwa kuanzia volti 0.2 hivi. Kutoa oksijeni kwenye maji kunahitaji angalau 1.23, na kwa vitendo 1.5 au zaidi. Kwa hiyo kila mara betri inapochajiwa, elektrodi ya kaboni iko kwenye hali ambayo kikemia inapaswa kuungua. Chini ya volti 1 inachelewa; juu yake inakwenda upesi. Dioksidi ya kaboni inayotoka inakutana na potasi, inageuka kabonati, na kabonati inaziba vitundu.

Wanaoitetea kaboni wanasema ile iliyopangika kama grafiti huvumilia, na kwamba kichocheo kizuri kinashusha volti ya kuchaji. Masa na wenzake wenyewe walichapisha mwaka 2014 elektrodi ya pande mbili: chembe za oksidi za manganizi na kobalti zilizofukiwa ndani ya kaboni yenye nitrojeni, metali zikibeba mzigo wa kuchaji.

Wanaoipinga wanapendekeza kutenganisha kazi. Elektrodi ya kaboni itoe umeme tu. Wakati wa kuchaji ikatwe, na wavu wa nikeli uchukue zamu. Betri inakuwa na elektrodi tatu badala ya mbili, inanenepa na kuhitaji swichi, lakini kaboni haiguswi na volti kali.

Kwa betri ya simu unene ni kikwazo. Kwa betri inayokaa kwenye kona ya nyumba, si kikwazo hata kidogo. Ni ajabu kwamba makala nyingi za maabara zinaendelea kuing'ang'ania elektrodi moja inayofanya yote, wakati mteja wa kijijini hajaiomba. Nikeli nayo iko karibu: Kabanga, wilayani Ngara, kaskazini mwa Kibondo na Kakonko, kuna hazina inayohesabiwa miongoni mwa zile kubwa ambazo hazijaendelezwa duniani, na serikali ilisaini mkataba wa ubia Januari 2021.

Maabara na uwanda

Vipimo vya maabara vinafanywa kwenye oksijeni safi, au kwenye hewa ya chumba kilichotulia. Kasulu kuna mambo mengine.

La kwanza ni mwinuko. Katika mita 1,300 juu ya usawa wa bahari mgandamizo wa hewa unapungua kwa asilimia 14 hivi, na oksijeni inapungua kwa kiasi hicho. Volti haishtuki, inashuka kwa sehemu moja tu ya elfu ya volti. Kinachobanwa ni kiwango cha juu cha mkondo, kwa kuwa oksijeni inayofika kwenye kichocheo kwa sekunde ni chache. Betri inayotosha Dar es Salaam inahitaji elektrodi pana kidogo hapa.

La pili ni unyevu. Potasi ya asilimia 30 hutulia hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 60 hivi. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kinaikausha. Masika yanaijaza maji hadi yanafurika kwenye vitundu vya hewa, na kichocheo kilichozama hakipati oksijeni.

La tatu ni moshi. Hewa ya nje ina dioksidi ya kaboni sehemu 420 hivi katika milioni, na hiyo pekee inatosha kuiharibu potasi polepole. Jikoni penye mkaa au kuni kiwango kinapanda mara kadhaa. Betri ya aina hii haipaswi kukaa chumba kimoja na moto, au iwe na kichujio cha chokaa pale hewa inapoingilia.

Kuna pia ujanja wa hesabu ambao msomaji wa makala za kisayansi hujifunza kuunusa. Maabara ikisema betri imedumu saa mia kadhaa, iulizwe kila mzunguko ulikuwa wa muda gani. Mizunguko ya dakika kumi kumi, zinki ikitumika asilimia moja tu, haiwezi kufananishwa na nyumba inayoimaliza betri usiku na kuijaza mchana. Nyumba hiyo ingefikisha mizunguko 180 ndani ya miezi sita. Na zinki ikiliwa kwa kina hairudi mahali pake; inaota miiba inayotoboa kitenganishi na kuleta shoti.

Bei haikusubiri

Betri za zinki na hewa zinazochajika zimewahi kufika vijijini. Fluidic Energy ya Arizona, iliyobadili jina na kuwa NantEnergy, ilizipeleka Asia na Afrika, Madagaska ikiwa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Septemba 2018 ilitangaza kwamba imeshuka chini ya dola 100 kwa kilowati-saa na kwamba mitambo yake imo kwenye vijiji zaidi ya 100 na kwenye minara ya simu.

> Mwaka 2018 zinki ilikuwa na nafasi ya wazi. Miaka sita baadaye litiamu ilikuwa imeshuka hadi karibu na bei ileile.

Mwaka huo BloombergNEF ilihesabu wastani wa pakiti ya litiamu kuwa dola 176. Mwishoni mwa 2024 ilihesabu dola 115. Litiamu inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya umeme ulioingia, zinki na hewa asilimia 60. Kwa mwenye paneli ndogo tofauti hiyo ni paneli ya ziada juu ya bati.

Kinachobaki upande wa zinki ni usalama na malighafi. Potasi imo ndani ya maji, haiwaki moto. Zinki inachimbwa Kipushi, Haut-Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: mgodi uliofungwa mwaka 1993 ulianza tena kutoa makinikia Juni 2024, ukiwa na mwamba ambao zaidi ya theluthi yake ni zinki. Kaboni yaweza kutoka shambani. Kobalti haihitajiki, wala platini.

Na betri ikifa mabaki yake si ya kutisha kama risasi. Potasi inaunguza ngozi na macho, hivyo lazima ipoozwe kwanza kwa asidi hafifu. Baada ya hapo unga mweupe unaobaki ni oksidi ya zinki, ileile inayotiwa kwenye mpira wa matairi na kwenye krimu za vipele vya watoto, na inayochanganywa kwenye mbolea za mahindi pale udongo unapopungukiwa zinki. Inaweza pia kurudishwa kuwa metali kwa umeme wa sola wakati wa jua kali, kisha ikajazwa upya kwenye betri kwa mkono. Njia hiyo haihitaji kuichaji elektrodi ya kaboni kabisa.